Faharasa ya maudhui ya faili ni nini?

Geuza kurasa za mwisho za kitabu cha historia, utakuta mstari kama huu: "Kilwa, 14, 52, 131". Hiyo ndiyo faharasa. Kuna mtu aliyekisoma kitabu chote mara moja ili wewe usikisome chote kila unapoitafuta Kilwa.

Seva ya nyumbani yenye Linux nayo inahitaji faharasa yake. Amri ya locate inajua majina ya faili tu, na jina kama skani0047.pdf halikuambii kwamba ndani mna hati ya kiwanja. Amri ya grep husoma yaliyomo, lakini huanza upya kila unapouliza, na kwenye PDF mara nyingi hurudi mikono mitupu kwa sababu maandishi yamebanwa ndani.

Recoll, programu ya utafutaji inayotumia maktaba ya programu iitwayo Xapian, huisoma kila faili, hutoa maneno yake, kisha huandika kila neno pamoja na orodha ya faili ambamo limo. Ukiuliza "kiwanja", inatazama orodha hiyo basi. Kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, sakinisha recollcmd, taja folda zako kwenye mstari wa topdirs ndani ya faili ya mipangilio, recoll.conf, halafu endesha recollindex. Mara ya kwanza huchukua muda. Baada ya hapo hushughulikia yaliyobadilika tu, na cron, kiendesha kazi kwa ratiba, inaweza kuiamsha kila usiku.

Karatasi iliyoskaniwa ni picha, haina neno hata moja la kuorodheshwa. Sakinisha tesseract-ocr-swa, data ya Kiswahili ya programu inayosoma maandishi ndani ya picha, kisha ipitishe karatasi hiyo kwenye amri ya ocrmypdf ukiweka -l swa, yaani lugha ni Kiswahili, ili maandishi yatambuliwe kwanza.

Kiswahili kina jambo lake hapa, na linastahili kuangaliwa. Programu za utafutaji zimezoea kukata mwisho wa neno ili umoja na wingi vikutane. Sisi hubadilisha mwanzo: mkataba, mikataba, nimelipa, walilipa, hajalipa. Kwa faharasa hayo ni maneno yasiyojuana. Watunzi wa kamusi walilitatua hili zamani, ndiyo maana unatafuta "lipa" wala si "kulipa". Kwenye Recoll itabidi uandike mkataba OR mikataba, au *lipa. Nyota ikitangulia, utafutaji huwa mzito, kwa sababu maneno yamepangwa kwa herufi za mwanzo na sasa inabidi yapitiwe yote.