Je, wajua kwa nini muhogo wa madukani ughaibuni unang'aa?

Mswahili anayehamia London au Minneapolis akikuta muhogo dukani, kinachomshangaza kwanza ni mng'ao wake. Ukwaruze kwa ukucha, kinabanduka kitu kama mshumaa. Hiyo ni nta. Muhogo wenyewe mara nyingi umetoka Costa Rica, umekaa melini siku nyingi, na ukiuvunja bado ni mweupe pe. Wa kwetu ukiung'oa Jumatatu, Alhamisi ukiukata unakuta mistari ya buluu na nyeusi, na hata ukiuchemsha hauna ladha.

Wengi husema umeoza. Kuoza huja baadaye. Siku mbili tatu za mwanzo mharibifu ni hewa: oksijeni inapenya pale jembe lilipochubua au muhogo ulipokatika shinani, na kemikali zilizomo ndani zinabadilika rangi, kama biringanya lililokatwa likaachwa mezani. Mbatata haisumbui hivyo. Ina macho, itachipua msimu ujao, kwa hiyo imeumbwa ivumilie kukaa. Muhogo tunaupanda kwa pingili za mti. Mzizi wake ni ghala tu. Ukishatenganishwa na shina hauna cha kusubiri, na jeraha lake likiachwa kwenye hewa kavu haliponi.

Hapo ndipo nta inapoingia. Huchaguliwa mihogo mizima isiyochubuka, ikaoshwa udongo wote na kukaushwa kabisa, maana nta haishiki penye maji. Kisha kila mmoja huchovywa sekunde chache katika nta iliyoyeyushwa, yenye moto mkali, na kutolewa upesi usije ukaiva. Nta huganda papo hapo, ikaziba majeraha na kuzuia maji yasipotee. Muhogo ambao ungedumu siku tatu tu unakaa mwezi, hata zaidi. Ila ukichovya uliokwisha kuharibika, umefunika uozo tu.

Nta yenyewe huitwa parafini, na jina hili huwachanganya Wakenya, ambao parafini kwao ni mafuta ya taa. Zote hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, lakini hii ni ngumu, ndugu ya mshumaa, na inayotumika kwenye chakula husafishwa kwa ajili hiyo. Usiyeyushe mishumaa ya dukani. Machungwa na matango nayo hupakwa nta, ila utando wake ni mwembamba mno, kwa kuwa tunda likizibwa pumzi kabisa huanza kunuka pombe.

Uganda imeshajaribu kuchovya mihogo hivi. Kwa muuza muhogo wa kuchoma barabarani, naona gharama ya nta na kuni haimlipi. Anayefaidika ni anayesafirisha mbali. Mkulima wa kawaida ana njia zake: kuuacha shambani mpaka mteja apatikane, kuufukia kwenye udongo wenye unyevu, au kuufunika magunia yaliyoloweshwa. Ipo na nyingine isiyojulikana sana: kukata matawi na majani yote wiki mbili tatu kabla ya kung'oa, ukabakiza kisiki. Muhogo wa namna hiyo huchelewa kupata ile mistari, ingawa ukipikwa unaweza kuwa mgumu kidogo.

Na kama umenunua wenye nta, menya kwanza ndipo uchemshe. Ukiutumbukiza na ganda lake, nta itayeyuka na kuelea juu ya sufuria kama samli, na kuisugua sufuria hiyo ni kazi ya jioni nzima.