Helikopta ya mizigo na ndege ya turbopropu: kilichofanana, kilichotofautiana

Watu wengi hudhani turbopropu ni injini ya kizamani kwa sababu tu pangaboi lake linaonekana. Si hivyo. Ndani mna tabo, yaani gurudumu la mapanga madogo madogo, kama ya jeti: hewa inagandamizwa, inawashwa pamoja na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, na moto ule unazungusha tabo, nayo inazungusha pangaboi. ATR 72, ndege ya abiria, ina injini mbili za namna hiyo, moja kila bawa.

Chinook, helikopta nzito ya mizigo, nayo ina injini mbili za tabo. Moyo ni ule ule, ila huku zinazungusha mapanga makubwa ya juu.

Sasa tazama uzito. Chinook iliyojaa hufika kama tani 22.7, ATR 72-600 tani 23. Wamelingana, tena Chinook ni nyepesi kidogo. Lakini injini moja ya Chinook ina karibu nguvu za farasi 4,800, na ya ATR kama 2,500. Nguvu zote hizo za ziada zinakwenda wapi?

Mtazame hamali gatini Mkoani, Pemba, gunia kichwani. Hata akisimama tu kumpisha mwenzake, shingo inauma na jasho linamtoka. Mwenye gari la mkono uzito umebebwa na magurudumu; yeye anasukuma. Ndege inabebwa na mabawa, pangaboi kazi yake ni kuivuta mbele. Helikopta inajibeba yenyewe kichwani, kila sekunde, hata ikiwa imeganda hewani haiendi popote.

Na mwendo inakosa. ATR hukata kama kilomita 500 kwa saa, Chinook kama 290. Helikopta ikienda mbele, panga linaloelekea mbele hukutana na upepo mwingi, linalorudi nyuma hukutana na mchache. Mwendo ukizidi, hili la kurudi halina tena hewa ya kuliinua. Kutoka Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, hadi Wawi, uwanja wa Pemba, kama kilomita 125, ATR ingetumia robo saa angani, Chinook karibu nusu saa. Kupakia abiria kwenye Chinook kwa safari hiyo ni israfu.

Ila hamali wa kichwani anapanda ngazi, gari la mkono halipandi. ATR iliyojaa inataka njia ya kurukia ya mita 1,300 hivi. Wawi ipo; kisiwani Kojani, ambako watu wanavuka kwa mtumbwi, haipo. Huko Chinook ingeweza kuning'iniza jenereta kwenye kulabu chini ya tumbo na kuliweka pale pale linapotakiwa. Hubeba kama tani 10, ATR tani 7 na nusu.

Lakini isije msimu wa karafuu kabla wenyewe hawajaambiwa. Ule upepo unaoisukuma juu tani 22 unashuka wote chini, na karafuu zilizoanikwa uwanjani utazitafuta konde ya pili, pamoja na jamvi lake.