Kofia ya jino: ni nini, inavishwaje, na kwa nini huharibikia ukingoni

Kofia ya jino, ambayo wengine huiita taji au krauni, ni ganda gumu la chuma, kauri au zirkonia (aina ya kauri iliyo ngumu sana) linalofunika sehemu yote ya jino inayoonekana juu ya ufizi. Jino lenyewe haling'olewi. Husagwa pande zote likapungua, kisha ganda hilo likabandikwa juu yake kwa simenti ya meno. Mzizi unabaki ule ule, na mfupa na ufizi vilevile. Hapo ndipo kofia inapotofautiana na jino la kupandikiza, ambalo mzizi wake ni skrubu ya titani iliyokazwa ndani ya mfupa. Inatofautiana pia na daraja, ambalo hutumia meno mawili yaliyovishwa kofia kushikilia jino la bandia katikati yake.

Tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Anayedhani amewekewa jino jipya huacha kulitunza. Kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza kama jino lingine lolote, na huanza kuozea pale pale ukingo wa kofia unapokutana na jino. Karibu kila hatua ya daktari na ya fundi wa maabara inauhusu mstari huo mmoja.

Jino gani linahitaji kofia

Chukua gego la kwanza la chini, ambalo kwenye kadi ya daktari huandikwa 36 likiwa la kushoto na 46 likiwa la kulia. Huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, kwamba litang'oka tu. Juu yake lina mifereji inayoshika chakula, na mtoto wa umri huo hafikishi mswaki huko nyuma. Mwenyewe akifika miaka ishirini na kitu, gego hilo huenda limeshazibwa mara mbili, na kila lilipozibwa upya shimo liliongezwa ukubwa ili kuondoa sehemu iliyooza. Mwishowe kinabaki kizibo kikubwa kilichozungukwa na kuta nyembamba.

Kuziba hujaza shimo tu, hakuzifungi kuta. Mtu anapouma mfupa wa kuku, muwa au punje ngumu ya mahindi ya kuchoma, kizibo kikubwa hufanya kazi ya kabari ndani ya gogo: huzisukuma kuta nje mpaka mmoja uachie. Kofia huzishika kwa nje na kuzibana pamoja. Ndiyo maana gego lililotibiwa mzizi, yaani lililotolewa neva na kuzibwa kwa ndani, kwa kawaida huvishwa kofia. Huwa tunaambiwa kwamba jino likishatolewa neva hukauka na kuwa dhaifu kama kijiti, lakini sababu kubwa ni nyingine: ili kuufikia mzizi, daktari ametoboa paa la jino, na kabla ya hapo uozo ulikuwa umeshakula kuta. Jino la mbele lililotibiwa mzizi kupitia tundu dogo la nyuma, huku kuta zake zikiwa nzima, mara nyingi hutosheka na kuzibwa tu.

Ufa, jino lililosagika kwa mazoea ya kusaga meno usingizini, na jino lililovunjika kwa kufungulia soda navyo ni sababu halali. Rangi peke yake si sababu nzuri. Kwenye maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa la Kenya, ambako maji ya visima na chemchemi nyingi yana floridi nyingi, watu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia lakini imara kabisa. Kulisaga jino zima kwa ajili ya doa ni hasara. Kulisugua tabaka la juu, kulizibia mbele kwa dawa yenye rangi ya jino, au kubandika kipande chembamba cha kauri usoni mwake hulinda sehemu kubwa zaidi ya jino.

Milimita mbili zinazoamua

Kabla ya kuzungumzia rangi au bei, daktari makini hupiga picha ya eksirei kuona ncha za mizizi, kisha huangalia kilichobaki juu ya ufizi. Panatakiwa ukanda wa jino zima, lisilooza, wenye kimo cha milimita 1.5 hadi 2 kulizunguka jino, nao uwe juu ya mahali ukingo wa kofia utakapoishia. Ukanda huo ndio unaokumbatiwa na kofia. Usipokuwepo, kofia itashikwa na simenti na nguzo peke yake.

Nguzo ni kijiti cha chuma au nyuzi za kioo kinachoingizwa ndani ya mzizi uliokwisha kutibiwa, ili dawa ya kujengea jino ipate pa kushikilia. Wagonjwa wengi huamini kwamba nguzo inaimarisha jino. Haifanyi hivyo. Kuipatia nafasi kunapunguza kuta za mzizi, na daktari analazimika kuacha angalau milimita 4 hadi 5 za dawa ya mzizi kwenye ncha ili bakteria wasipenye. Gego likiwa na kuta za kutosha halihitaji nguzo kabisa. Nguzo ikiwekwa pasipo ule ukanda, kila mtafuno unaisukuma huku na huku hadi mzizi unapasuka kwa urefu, na mzizi uliopasuka hivyo kwa kawaida huishia kung'olewa. Kwa hiyo daktari anayekuambia kwamba jino lako halifai kuvishwa kofia, au kwamba kwanza apunguze ufizi na mfupa kidogo ili apate kimo, anakuepusha na kulipia kitu kitakachong'oka baada ya miezi michache.

Siku ya kusagwa

Rangi huchaguliwa kwanza, kabla ya kusaga, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Kipimo cha rangi kinachotumika sana ni cha kampuni ya VITA chenye rangi 16, kuanzia A1 hadi D4. Kama ni jino la mbele, omba mwanga wa mchana karibu na dirisha, na futa rangi ya mdomo.

Baada ya sindano ya ganzi, jino linasagwa. Kwa kofia ya chuma kitupu au zirkonia, juu hupunguzwa milimita 1 hadi 1.5, na kwa chuma kilichofunikwa kauri kama milimita 2. Pembeni hutegemea aina, kuanzia nusu milimita kwa chuma hadi 1.5 kwa kauri. Maji lazima yamwagike muda wote kwenye mashine, maana joto la msuguano linaweza kuua kiini cha jino lililo hai. Kuta huachwa zikiinama kidogo kuelekea juu, kama nyuzi 6 kila upande. Zikiinama sana, jino linakuwa na umbo la koni na kofia inachomoka hata simenti ikiwa nzuri. Gego ambalo kuta zake zimebaki chini ya milimita 4 kwa kimo lina hatari hiyo zaidi.

Kisha unakuja ule mstari. Chini ya jino huchongwa kingo laini, kama ngazi nyembamba inayolizunguka, na ukingo wa kofia utaketi hapo. Daktari huingiza uzi mwembamba uliolowekwa dawa ya kuzuia damu kati ya ufizi na jino, akausubiri kwa dakika chache ili ufizi usogee na kingo ionekane yote. Damu au mate yakifunika kingo hata upande mmoja, kipimo cha umbo la jino hakitaionyesha, na fundi wa maabara atabaki kukisia. Kipimo chenyewe huchukuliwa kwa silikoni inayoganda kinywani kwa dakika chache, au kwa kamera ya kidijitali. Aljineti, ile ya unga wa kukoroga na maji, haifai kwa kazi hii: hunywea ikikauka, na haishiki maelezo madogo ya kingo.

Utaondoka na kofia ya muda ya plastiki iliyobandikwa kwa simenti dhaifu makusudi. Inalinda jino lisiume, na inazuia meno ya jirani yasisogee yakaziba nafasi. Epuka chingamu, halua na kashata upande huo. Ukitumia uzi wa meno, utoe kwa kuuvuta pembeni, usiunyanyue juu. Ikichomoka, rudi kliniki mapema, maana baada ya siku kadhaa kofia ya kudumu inaweza kukataa kuingia.

Maabara, na siku ya kuvishwa

Kazi ya maabara kwa kawaida huchukua wiki moja au mbili. Zirkonia huchongwa na mashine ikiwa bado laini, ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa kwa asilimia 20 au zaidi, kwa sababu itanywea ndani ya tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi. Zipo pia kliniki zenye kamera na mashine ya kuchonga papo hapo, teknolojia iliyoanzia Zurich mwaka 1985 kwa jina la CEREC, na hizo hukamilisha yote kwa siku moja.

Usikubali simenti iwekwe kabla kofia haijajaribiwa ikiwa kavu. Sonda, ile ncha ya chuma ya kupapasia meno, ikipitishwa ukingoni isikwame mahali. Uzi wa meno upite kati ya kofia na jirani kwa kukaza kidogo. Ukipita bila kukwama, nyama zitanasa hapo kila siku, na usipopita kabisa, kofia haijaketi. Halafu unaumia karatasi nyembamba ya rangi, na madoa yanaonyesha ni wapi kofia imetangulia kugusa. Hapa ganzi hudanganya: unasema iko sawa, kesho yake ukitafuna unaruka. Rudi ikapunguzwe. Kusubiri “izoee” kunaliumiza jino na mfupa unaolishikilia. Zirkonia iliyopunguzwa kwa mashine lazima ing'arishwe tena, la sivyo ukwaru wake utalisaga jino linalokutana nayo.

Mabaki ya simenti yaondolewe yote, hasa katikati ya meno. Kipande kidogo kilichosahauliwa chini ya ufizi hutosha kuleta uvimbe na damu usioelewa chanzo chake.

Kuhusu aina, maoni yetu ni haya. Kwa gego la nyuma kabisa lisiloonekana, chuma bado hakijapata mshindani wa wazi: kinahitaji jino kusagwa kidogo, na hakimeguki. Dhahabu ndiyo bora zaidi, ingawa bei yake imeiondoa kwa wengi. (Jino la dhahabu la wazee wa pwani ni habari nyingine, mengi yalikuwa pambo.) Aloi za bei nafuu huwa na nikeli, hivyo anayewashwa na hereni za bandia amwambie daktari mapema. Chuma kilichofunikwa kauri kinapendeza mwanzoni, lakini kauri yake inaweza kumeguka, na ufizi ukishuka mstari mweusi hujitokeza. Zirkonia ni imara na inafaa magego. Kauri ya lithiamu hupitisha mwanga vizuri, ndiyo inayopendeza zaidi kwa meno ya mbele.

Watoto wana kofia yao: ya chuma cha pua, iliyotengenezwa tayari kwa saizi mbalimbali, kwa ajili ya magego ya utoto. Kwa mbinu iitwayo Hall, iliyotoka Uskoti, huvishwa bila sindano wala kusaga: uozo unafungiwa chini yake na kukosa chakula. Lakini jino lisiwe limeanza kuuma usiku au kutoa usaha.

Dalili za kuharibika

Kofia nyingi hudumu miaka 10 hadi 15, na zipo zinazovuka 20. Zinazokufa mapema kwa kawaida hufia ukingoni. Uzi wa meno ukianza kuchanika mahali pale pale, ufizi ukitoa damu sehemu moja tu, au harufu mbaya ikitoka ukinyonya jino kwa ulimi, simenti huenda imeachia upande mmoja na mate yanaingia. Mara nyingi hapaumi, hasa jino likiwa limeshatolewa neva, na hilo ndilo huchelewesha watu. Maumivu ya kupwita usiku kwenye jino lililovishwa likiwa hai ni dalili ya kiini kinachokufa. Hapo mzizi unaweza kutibiwa kwa kutoboa juu ya kofia na kuziba tena, bila kuivua.

Kwa usafi, laza mswaki laini kwa pembe ya nyuzi kama 45 kuelekea mahali ufizi na kofia vinapokutana, na pitisha uzi kila usiku. Anayesaga meno usingizini atengenezewe plastiki ya kuvaa akilala. Kabla ya kulipa, uliza kama bei inajumuisha matibabu ya mzizi, nguzo, kofia ya muda na kurudiwa kazi ikishindikana, na uandikiwe aina ya malighafi.

Ikichomoka, itazame kwa ndani. Ukiona simenti tupu, huenda ikaoshwa na kubandikwa tena siku hiyo hiyo. Ukiona kipande cha jino kimebaki humo, jino limevunjika, na mpango wote unaanza upya kwenye zile milimita mbili. Kwa vyovyote, usiirudishe kwa gundi ya dukani, na usilale nayo ikiwa inacheza, maana inaweza kumezwa au kuingia kwenye njia ya hewa. Iweke kwenye kichupa safi uende nayo kliniki.