Mwezi mchanga haufunikwi na kivuli cha dunia

Watu wazima wengi humsomea mtoto kitabu cha picha ambamo fisi anaumega mwezi, kisha humweleza kwamba kinachoufunika hasa ni kivuli cha dunia. Hadithi ya fisi haina ubaya wowote. Kosa liko kwenye maelezo. Kivuli hicho huugusa mwezi wakati wa kupatwa tu, na hapo lazima uwe mpevu. Siku zote nyingine nusu yake huangazwa na jua, nasi kwa kawaida huona sehemu tu ya nusu hiyo, inayobadilika katika mzunguko wa siku 29.5 hivi.

Mkishasoma, zima taa zote ubakishe balbu moja isiyo na kifuniko, usawa wa kichwa cha mtoto. Chomeka mpira mdogo mweupe kwenye penseli: balbu ni jua, mpira ni mwezi, kichwa cha mtoto ni dunia. Mtoto aushike mkono ukiwa umenyooka, ageuke polepole kuelekea kushoto huku akiutazama. Mpira uwe juu kidogo ya kichwa: ukishuka, kichwa kitautia kivuli anapoipa balbu mgongo, naye atarudi kwenye kosa lilelile.

Vitabu vingi vya Ulaya huchora mwezi mchanga umesimama wima. Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi hulala kama mtumbwi. Usimsahihishe mtoto aliyeuchora hivyo.