Lubumbashi si shaba tupu: yanayosemwa kuhusu sanaa ya mji wetu, na ukweli wake

Ukimwambia mtu wa Kinshasa au wa Dar es Salaam kwamba umetoka Lubumbashi, atakuuliza habari za shaba, kobalti na TP Mazembe. Si vibaya. Mji huu Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville hadi 1966, na mpaka leo dohani ndefu ya kiwanda na kile kilima cheusi cha masalia ya shaba huonekana toka mbali. Kinachouma ni neno linalofuata: eti mji wa wachimba madini hauna sanaa yake, na kidogo kilichopo kilitengenezwa kwa ajili ya wazungu.

Hilo la wazungu ndilo lenye mizizi mirefu. Mtu akiona picha ya mamba muntu anadhani ni kitu cha watalii. Lakini katika miaka ya 1970 wanunuzi wa picha hizo walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, makarani, walimu na wenye viduka. Mchoraji alipaka rangi juu ya kitambaa cha gunia la unga, akauza kwa bei ambayo mtu wa mshahara aliweza kuilipa, na picha ikatundikwa salo, yaani sebuleni, mahali ambapo mgeni huketishwa akisubiri bukari, ugali wetu.

Na tazama walichokichagua. Mamba muntu ni mwanamke mwenye mkia wa samaki, na nyoka wake kando. Huleta utajiri, kisha hudai malipo makali. Picha nyingine iliyopendwa ni ya Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa fimbo, mzungu amesimama anatazama. Hiyo si picha ya kupamba hoteli. Wenyewe waliziita picha za ukumbusho, na kazi yake ilikuwa hiyo hasa. Jicho la mgeni likienda ukutani, mazungumzo yanaanza: baba aliishi vipi siku zile, nani alifungwa, nani hakurudi. Watoto wanasikiliza. Kwangu mimi hakuna kazi kubwa kuliko hiyo ambayo sanaa ya mji wowote inaweza kufanya.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, aliifikisha mbali kuliko wote. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100, akazieleza kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu chetu. Humo yumo Lumumba, wamo pia wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, waliopigwa risasi Desemba 1941 walipogoma. Ni kweli, mfululizo ule ulinunuliwa na mgeni. Lakini Tshibumba alikuwa mchoraji wa wateja wa mjini kabla ya hapo, na alijiita mwanahistoria, mtu wa kuwakumbusha wenzake yaliyowapata.

Kuna wanaosema: basi, hata kuchora kwenyewe tulifundishwa na mzungu. Wanamkumbuka Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyefungua karakana ya uchoraji ya Hangar hapa mjini mwaka 1946. Alitoa nafasi, rangi na soko, na kazi za Hangar kweli zilinunuliwa hasa na Wazungu. Nadhani hapo ndipo watu wanapochanganya Hangar na picha za salo, ingawa ni njia mbili tofauti. Mkono, hata hivyo, hakuutoa yeye. Alikataa kuwapa vijana vielelezo vya Ulaya wavifuate. Bela alichora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga alijaza picha zake mistari mifupi iliyosongamana, Pilipili Mulongoy akabaki na samaki wake, ndege wake na majani yake. Ukiziweka kazi zao pamoja huhitaji kusoma sahihi ili ujue nani kachora nini.

Katika muziki tunafunikwa na Kinshasa, hasa tangu UNESCO ilipoiingiza rumba ya Congo kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2021. Heshima hiyo inastahili. Ila gitaa la Katanga lina ukoo wake: mtu mmoja, gitaa moja, kidole gumba kikishika besi huku cha shahada kikiimba. Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, naye aliimba kwa Kiswahili. Wapiga gitaa wa Kenya walimsikiliza wakajifunza.

Kiswahili chetu nacho husemwa kimevunjika. Kimeshika Kifaransa, Kiluba na Kibemba kwa sababu waliokijenga kazini na mtaani walitoka kote huko. Kundi la Mufwankolo lilicheza michezo yake ya kuigiza kwa lugha hiyohiyo, redioni na kwenye televisheni, na watu wakacheka na kujitambua.

La mwisho, eti yote yalikufa Gécamines ilipoanguka. Picha za salo zilipungua kweli, maana mnunuzi wake alikuwa mtu wa mshahara na mshahara ulikoma. Lakini Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa wa mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodini akawasimamisha ndani ya magofu ya viwanda jinsi yalivyo sasa. Yeye na wenzake wa kituo cha sanaa kiitwacho Picha walianzisha maonyesho ya kimataifa ambayo leo yanaitwa Biennale ya Lubumbashi. Ya kwanza ilikuwa 2008. Mwaka 2022 wasanii wa nchi mbalimbali walialikwa chini ya mada ToxiCité, kujibu swali ambalo watu wa Kenya na Katuba, mitaa ya mji wetu, wanaliishi kila siku: mji hufanya nini na sumu ya utajiri wake.