Magari ya Kuwashwa kwa Kitufe: Tahadhari kwa Wenye Magari wa Tanga

Malalamiko yanayofika katika ofisi yetu ya madai ya bima kuhusu magari kufunguliwa usiku pasipo kuvunjwa kioo wala kitasa yamekuwa mengi, na wapo wateja wanaoyaita mazingaombwe. Si mazingaombwe. Gari la kuwashwa kwa kitufe hurusha mawimbi yanayofika mita moja au mbili tu, na ufunguo ukiyapata hujibu. Gari halitambui aliyeushika ni nani. Wezi hufanya kazi wawili wawili: mmoja husimama na kifaa karibu na mlango wa nyumba, mwenzake ubavuni mwa gari, na vifaa hivyo hupokezana mawimbi mpaka gari likafunguka na kuwaka. Watafiti wa Zurich nchini Uswisi walilithibitisha jambo hili mwaka 2011 kwa magari ya aina 10, na hakuna hata moja lililowashinda.

Kwa hiyo ufunguo usitundikwe nyuma ya mlango wa mbele. Uwekwe chumba cha ndani, katika kopo la chuma lenye mfuniko unaobana, na kopo lenyewe lijaribiwe kwanza: simama nalo kando ya gari, uguse kitasa, na mlango ukifunguka ujue halifai. Funguo za Toyota nyingi za karibuni zinaweza pia kulazwa, yaani zisijibu mawimbi, kwa kushikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungulia mara mbili, ambapo taa yake ndogo humweka mara 4.

Unapoegesha karibu na Soko la Mgandini, usibonyeze rimoti huku umeshageuka kwenda zako. Mtu aliye jirani anaweza kuyavuruga mawimbi na gari likabaki wazi. Vuta kitasa.

Gari likiibwa, nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo upewe namba ya RB (namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo), kisha ulete kwetu ripoti ya polisi, kadi ya gari na funguo zote mbili. Mwenye ufunguo mmoja atatakiwa kueleza kwa maandishi ulipo wa pili na fundi aliyewahi kuunakili. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa la jinai, na madai ya namna hiyo hukataliwa. Wenye bima ndogo, tafadhali, tumelisema hili mara nyingi: hiyo hulipia madhara ya watu wengine. Wizi wa gari lako hulipwa na bima kubwa.