Mtoto anayelia anaweza kusubiri

Wiki hii tena nimeambiwa kwamba yule mama wa kanga ya kijani kaingia kwa daktari kabla ya wenzake kwa sababu ana ndugu humu ndani. Hana. Mtoto wake alikuwa amepungukiwa damu, viganja na midomo vimepauka kabisa, na anahema. Aliyenilalamikia alikuwa na mwanawe anayelia mpaka watu wa maabara wanageuka. "Nesi, kwani humsikii mwanangu?" Namsikia, mama. Kinachomwezesha kulia hivyo ni pumzi ya kutosha.

Foleni ya watoto wagonjwa haiendi kwa aliyewahi kufika. Hapa si kituo cha daladala. Tunaangalia dalili, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuchambua na kutibu watoto wa dharura, unaoitwa ETAT, ambao ulitengenezwa hapa jirani, Malawi. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, kabla hawajabadilisha mpangilio na kuanza kuchambua watoto mlangoni, katika kila watoto 100 waliolazwa walikuwa wakifa kati ya 10 na 18. Baadaye wakawa 6 hadi 8. Hivyo mtu akiniambia utaratibu huu ni upendeleo uliovaa koti jeupe, hasira zinanipanda.

Makundi ni matatu. Dharura: njia ya hewa imeziba, anapumua kwa taabu, mzunguko wa damu ni dhaifu, ana degedege, hajitambui, au kaharisha hadi kakauka. Huyo anaingia sasa hivi. Kipaumbele: kichanga wa chini ya miezi 2, utapiamlo mkali, kuungua, sumu, mwenye barua ya rufaa na wengineo. Waliobaki wanasubiri. Yamebandikwa ukutani, nendeni mkasome.

Linalonichosha ni hili la "amelala tu, nesi." Mtoto ametulia mgongoni, mama naye katulia, benchi zima linamsifu mtoto mpole. Mimi namwomba amfungue. Mtoto aliyelala usingizi ukimvua nguo anakunja uso, anasukuma mkono wako, anaanza kudai chake. Aliyelegea anaacha shingo iende inakotaka. Ukimgusisha ziwa mdomoni halitafuti. Macho yanafunguka kidogo, hayakufuati. Nikishaona hivyo nabonyeza ukucha wa dole gumba mpaka uwe mweupe, naachia, nahesabu: damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mikono ni ya baridi na mapigo ni dhaifu ya haraka, hatungoji faili. Na sharti nguo ivuliwe, kwa sababu mbavu zinazoingia ndani kila akivuta pumzi hazionekani chini ya sweta, kofia na shuka mbili. Watoto wetu tunawafunika mno, hata Dar es Salaam mwezi wa pili.

Pumzi nazo zinahesabiwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 ni haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, kuanzia 40. Yule anayepiga kelele siwezi hata kumhesabu, kwa hiyo mpe nyonyo kwanza. Homa? Joto kali sana linampa mtoto kipaumbele, lakini halimpitishi mbele ya anayehema.

Sasa niseme ambayo kwenye mafunzo hatuyasemi kwa sauti. Kuchambua wagonjwa hakufupishi foleni. Mwenye mafua ataondoka amechelewa zaidi kwa sababu yetu, na ana haki ya kununa. Tena sehemu nyingi mama anatangulizwa dirishani kuchukua faili ndipo nimwone mtoto, ilhali sera inasema wa chini ya miaka 5 hatibiwi kwa malipo. Faili linaandikwa jina la kata na la balozi wakati mtoto anabadilika rangi mikononi mwa bibi yake. Na ndiyo, nusu ya benchi wangemalizwa kwenye zahanati ya mtaani kwao, lakini nikikumbuka dawa zinavyokosekana huko siwezi kuwagombeza.

Hizo dalili zenyewe hazinipi usingizi mzito. Asubuhi ya baridi mikono ya kila mtoto ni ya baridi. Manesi wawili wakibonyeza ukucha ule ule, mmoja anasema 2, mwingine 4. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba wenye homa kali na mzunguko dhaifu waliokimbiziwa dripu walikufa wengi kuliko ambao hawakukimbiziwa. Tulichokuwa tumefundishwa ni kukimbiza dripu. Leo tunataka mikono ya baridi, mapigo dhaifu ya haraka na ukucha unaochelewa, vyote vitatu, ndipo tuseme ni shoki, yaani damu haifiki mwilini inavyotakiwa. Sawa, lakini mwenye viwili namfanyaje? Namweka karibu na meza yangu, namtazama kila nikiinua kichwa. Sina jibu bora.

Kubwa zaidi ni kwamba mtoto niliyemwambia asubiri saa 2 asubuhi si yule yule saa 5. Inatakiwa nipite tena benchini kuwaangalia. Niko peke yangu, na ndani kuna mwenye oksijeni. Kwa hiyo akianza kuhema, kulegea, kukataa ziwa au kustuka-stuka, njoo mlangoni ugonge. Usingoje kuitwa, na usipitie dirishani.